Rekodi Kwanza, Mfumo Baadaye: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam

Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo, Wakurugenzi wa Maktaba na Wakurugenzi wa TEHAMA,

Salaam.

Kila bajeti inapoandaliwa, mstari ule ule hurudi kwenye mpango wa maktaba: kununua mfumo wa kisasa wa katalogi. Hatuombi mstari huo ufutwe. Tunaomba ushushwe, na juu yake uandikwe mwingine wenye fedha zake na watu wake: kusafisha rekodi, yaani maelezo ya kila kitabu yaliyomo katika katalogi. Mfumo mpya ukipakiwa rekodi chafu utakuwa na sura nzuri na majibu yale yale mabovu.

Jaribio la dakika mbili litaonyesha tunachosema. Shika simu, fungua katalogi ya chuo chako, andika ng'ombe wa maziwa. Ikijibu kwamba hakuna kilichopatikana, au ikileta viwili vitatu tu, mtume mtu kwenye rafu za 636.2 ikiwa maktaba inatumia Dewey, au za SF ikiwa inatumia mpangilio wa Library of Congress. Atarudi na mzigo. Vitabu vilinunuliwa, vikaandikishwa, vikawekwa mahali pake, na bado mwanafunzi aliyeko Mbagala na simu yake anaambiwa havipo. Sababu za kawaida ni nne, na hakuna hata moja inayotibiwa kwa kununua programu.

Ya kwanza ni kile kialama cha ng'. Simu nyingi huandika kialama kilichopinda. Mkutubi aliyeandika rekodi miaka kumi iliyopita alitumia kilichonyooka. Mwingine alibonyeza kile cha pembeni ya namba 1, kinachoegemea kushoto. Kwa macho yetu ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi tatu tofauti. Baadhi ya faharasa, yaani orodha za maneno ambazo mfumo huzipekua, hulikata neno pale pale penye kialama, likabaki "ng" na "ombe". Nyingine hulihifadhi zima, lakini la kialama kilichopinda halilingani na la kilichonyooka. Dawa ni kuufundisha mfumo uviondoe vialama vyote hivyo, wakati wa kujenga faharasa na wakati wa kupokea swali la msomaji pia, ili ng'ombe na ngombe visomeke sawa. Kwenye Koha, programu huria ya maktaba, inayotumia injini ya utafutaji ya Elasticsearch, kazi hiyo hufanywa katika mipangilio ya faharasa. Kwenye inayotumia injini ya Zebra, katika faili la kanuni za ICU, zinazoelekeza jinsi ya kusoma herufi. Kisha faharasa yote hujengwa upya usiku mmoja wakati wasomaji wamelala. Ukiviondoa upande mmoja tu, hali itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Tunajua kuna atakayepinga kuwa ng'oa na ngoa vitachanganyika. Ni kweli. Lakini anayetafuta mashairi ya kulia ngoa akiletewa pia kitabu cha kung'oa visiki, hajapoteza kitu.

Ya pili ni lugha. Katika rekodi ya MARC 21, muundo wa rekodi za maktaba ambao kila sehemu yake ina namba, sehemu ya 008, nafasi ya 35 hadi 37, huandikwa herufi tatu za lugha ya kitabu. Kiswahili ni swa. Kiolezo ambacho wakutubi wengi hukianzia kina eng tayari, na mwenye haraka haigusi. Matokeo yake, msomaji anayechuja kwa lugha ya Kiswahili huletewa sehemu ndogo tu ya vitabu vya Kiswahili vilivyomo. Hili husafishwa kwa mafungu. Toeni orodha ya rekodi zote zenye eng ambazo jina la kitabu lina "ya", "wa", "cha", "kwa" au "katika" yakiwa maneno yanayojitegemea, mtu aipitie kwa macho, kisha zibadilishwe kwa pamoja. Hatua ya macho isirukwe. Kitabu cha Kiingereza kuhusu Chama cha Mapinduzi kina "cha" ndani yake na bado ni cha Kiingereza, na kitabu cha Kisukuma kinaweza kuingia orodhani kwa kufanana maneno.

Ya tatu ni vichwa vya mada. Rekodi nyingi zilinakiliwa kutoka katalogi za nje kupitia Z39.50, njia ya maktaba kuchukuliana rekodi mtandaoni, na hapakuwa na kosa kufanya hivyo, kwa maana kunakili rekodi iliyoandikwa vizuri kunaokoa nusu saa. Ila zilikuja na mada za Kiingereza peke yake: Dairy cattle. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuzifikia. Wapo wanaopendekeza kila rekodi iongezewe mada ya Kiswahili kwa mkono, na huo ni mpango wa miaka. Njia fupi ni rekodi za udhibiti, zile zinazoshika umbo sahihi la jina au mada. Andika "Ng'ombe wa maziwa" mara moja kwenye sehemu ya 450 ya rekodi ya udhibiti ya Dairy cattle, kisha washa mpangilio wa Koha unaoitwa IncludeSeeFromInSearches na ujenge faharasa upya. Vitabu vyote vilivyounganishwa na mada hiyo, vya leo na vya kesho, vitapatikana kwa Kiswahili. Sharti ni moja: rekodi za vitabu ziwe zimeunganishwa kweli na rekodi za udhibiti. Mada ikiandikwa kama maandishi matupu, bila namba ya kiungo, haifuati chochote. Kwa hiyo anzeni na mada 500 zinazotumika zaidi katika katalogi yenu, muunganishe hizo, muongeze Kiswahili chake, ndipo mwendelee.

Ya nne inatokana na umbo la lugha yenyewe. Injini za utafutaji zilizotengenezwa kwa Kiingereza hujua kukata mkia wa neno, kwa kuwa wingi wa Kiingereza uko mkiani. Wetu uko kichwani: mkulima na wakulima, mto na mito, kitabu na vitabu, na jicho huwa macho bila kuomba ruhusa. Mtu akitafuta wakulima hapati kitabu chenye "mkulima" katika jina lake. Hapa panahitajika orodha ya visawe, umoja upande huu na wingi upande ule, iliyowekwa kwenye injini ya utafutaji. Msianze na kamusi nzima. Chukueni kumbukumbu za maneno ambayo wasomaji wameyatafuta kwa miezi sita, mhesabu yaliyorudiwa zaidi, muandike jozi za nomino hizo. Nomino elfu moja zilizochaguliwa hivyo zitasaidia kuliko elfu kumi zilizookotwa. Na ikiwa mfumo wenu hauhifadhi kumbukumbu za utafutaji, ziwasheni leo. Hifadhini neno na tarehe, msihifadhi jina la aliyetafuta.

Kuna kosa la tano ambalo halimzuii mtu kupata kitabu lakini linaiaibisha maktaba. Sehemu ya 245, inayoshika jina la kitabu, ina tarakimu inayoiambia kompyuta iruke herufi ngapi wakati wa kupanga kwa alfabeti. Kwa jina la Kiingereza linaloanza na The, tarakimu ni 4: herufi tatu na nafasi moja. Kiolezo kikibaki na 4 kwenye kitabu cha Kiswahili, "Historia" hurukwa herufi nne na kupangwa kwenye O, kwa sababu kompyuta inaona "oria". Kiswahili hakina maneno ya namna ya The mbele ya jina, kwa hiyo tarakimu yake ni 0 karibu kila mara. Rekodi zikishapata swa kwenye lugha, kosa hili husahihishwa zote kwa amri moja. Mpangilio huo wa kazi una maana: lugha kwanza, tarakimu baadaye.

Majina yanahitaji uangalifu zaidi, hasa majina ya taasisi. Tasnifu zilizomo katika maktaba za jiji hili zina historia ya elimu ya juu ndani yake. Chuo cha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianza mwaka 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kikasimama chenyewe mwaka 1970. Sokoine ilitoka humo mwaka 1984, kwa hiyo tasnifu ya kilimo iliyoandikwa Morogoro miaka ya sabini ina jina la Dar es Salaam kwenye jalada. Muhimbili ilikuwa chuo kishiriki tangu 1991 hadi ilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, na Ardhi vivyo hivyo tangu 1996 hadi 2007. Kishawishi cha fundi asiye mkutubi ni kubadilisha majina yote ya zamani yawe ya sasa "ili yafanane". Asifanye hivyo. Kila jina hubaki kama lilivyokuwa wakati kazi ilipotolewa, na rekodi za udhibiti huunganishwa kwa sehemu ya 510: jina lililotangulia, jina lililofuata. Msomaji akigusa moja anaonyeshwa jingine, na historia inabaki mahali pake.

Majina ya watu hufuata kanuni hiyo hiyo. Julius Nyerere anaweza kuingia kwa jina la ukoo na herufi za kwanza, kwa majina matatu kamili, au kwa heshima ya Mwalimu. Rekodi moja ya udhibiti ibebe umbo lililochaguliwa, na mengine yote yaingie kwenye 400. Kwa waandishi wa Kitanzania wasiojulikana nje, hakuna katalogi ya ng'ambo itakayotufanyia kazi hii. Ni yetu.

Sasa hesabu. Chukulia maktaba yenye rekodi 100,000. Mtu mmoja anayesafisha kwa mkono, akiwa makini, anamaliza kama 60 kwa siku. Hizo ni siku za kazi zipatazo 1,667, yaani zaidi ya miaka sita kwa mtu asiyeugua wala kwenda likizo. Ndiyo maana kazi ianze kwa mafungu. Toeni nakala ya rekodi zote, muiweke kando bila kuigusa. Nakala ya pili ipitishwe kwenye MarcEdit, programu ya bure, iorodheshe sehemu zilizoharibika. Kisha lugha, kisha tarakimu ya 245, kisha ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), kisha rekodi pacha, yaani kitabu kimoja kilichoandikishwa zaidi ya mara moja. Kilichobaki ndicho cha mkono, nacho kianze na vitabu vinavyoazimwa zaidi.

Kwenye ISBN kuna mtego. Tangu Januari 2007 namba hizo zina tarakimu 13, na vitabu vya zamani vina 10. Wapo wanaobandika 978 mbele ya namba ya zamani na kuendelea na safari. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, nayo lazima ikokotolewe upya. Vinginevyo namba ni batili na kitabu hakitalingana na pacha wake. Vitabu vya Tanzania hutambulika kwa 9976, 9987 au 9912 baada ya 978, na hizo ndizo rekodi za kuanzia, maana hakuna maktaba nyingine duniani yenye sababu kubwa ya kuziandika vizuri. Vya zamani visivyo na ISBN kabisa vilinganishwe kwa jina, mwaka na idadi ya kurasa. Na kompyuta isiachiwe kuunganisha rekodi pacha yenyewe. Itaunganisha chapa ya kwanza na ya tatu, na mhadhiri aliyeagiza ya tatu atapewa ya kwanza.

Katalogi ikisema kitabu kipo na rafu ikasema hakipo, msomaji huacha kuiamini katalogi hata pale inaposema kweli. Ukaguzi wa rafu ufanywe kila likizo ndefu, walau sehemu moja ya tano ya maktaba kila mwaka. Wawili wawili: mmoja anasoma msimbo pau kwa skana ya mkononi, mwingine anarudisha vilivyokosea njia. Misimbo hupakiwa kwenye zana ya ukaguzi ya Koha, nayo huorodhesha vilivyokosekana na vilivyo mahali pasipo pao. Vilivyokosekana vifichwe kwa wasomaji baada ya kutafutwa mara mbili. Jambo dogo linaloamua kasi ya kazi nzima ni mahali pa lebo. Ikibandikwa ndani ya jalada la nyuma, kila kitabu lazima kivutwe na kufunguliwa. Ikibandikwa nje, juu kushoto ya jalada la mbele, kitabu hutolewa nusu tu. Na kwa unyevu wa pwani yetu, lebo ya karatasi isiyofunikwa kwa plastiki angavu itaanza kukunja pembe mapema kuliko mnavyodhani.

Hapo ndipo mazungumzo ya mfumo yanapata maana. Koha ilizaliwa New Zealand mwaka 1999, haina ada ya leseni, na hutoa toleo jipya kila Mei na Novemba. Kinachoiharibu ni kuisimika mara moja na kuiacha, au fundi kubadilisha msimbo wake wa ndani ili nembo ya chuo ikae vizuri. Akishafanya hivyo, toleo jipya likija linafuta kazi yake, kwa hiyo hasasishi tena, na baada ya miaka mitano chuo kinaambiwa kuwa "Koha imezeeka". Mapambo yote yawekwe kwenye mipangilio iliyotengwa kwa ajili hiyo. Nyumba njema si mlango. Kwa maktaba ya ukubwa tuliouchukulia, seva moja yenye kumbukumbu ya GB 16 na diski ya SSD inatosha, na ya pili ya majaribio iwe pembeni yake. Hakuna sasisho linaloingia kwenye seva ya wasomaji kabla ya kukaa wiki mbili kwenye ya majaribio.

Kuhamia toleo jipya au mfumo mwingine kufanywe Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kamwe si wiki ya usajili wala kipindi cha mitihani. Uandikishaji wa vitabu usimame siku tano hadi saba. Kabla na baada ya kuhamisha, andikeni namba tatu: rekodi za vitabu, nakala halisi, na mikopo iliyo wazi. Zisipolingana, rudini nyuma siku hiyo hiyo. Msiahidi kurekebisha baadaye. Kisha chagueni rekodi 200 bila mpangilio na mzilinganishe kwa macho. Makosa mengi ya uhamishaji hukaa kwenye mikopo na faini, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ndiye wa kwanza kuyagundua, dirishani, anapotafuta saini ya maktaba ili apate cheti.

Seva ikae wapi? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na nchi nzima ikapata intaneti ya kuchechemea. Katalogi iliyohifadhiwa Ulaya ilikuwa mbali, hata kwa msomaji aliyeketi mita 20 kutoka kwenye kitabu. Tunashauri seva ya wasomaji iwe hapa nchini, nakala rudufu ya kila usiku iende kampasi nyingine, na nyingine nje ya mkoa. Taarifa za wanaoazima ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Kwa vyuo vya umma, ipo pia Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Wahusisheni watu wa sheria kabla ya zabuni kuingia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, si baada. Na nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa kwa majaribio msiihesabu. Kila robo mwaka, irejesheni kwenye seva ya majaribio na mhesabu zile namba tatu. Umeme nao: UPS, betri ya dharura, isiyoiagiza seva ijizime yenyewe chaji inapopungua inachelewesha tu ajali ya hifadhidata.

Hazina ya tasnifu na machapisho ni suala lenye utajiri wake, na ndilo tunaloona likiharakishwa zaidi.

Vyuo vingi hutumia DSpace, programu ya kuhifadhi tasnifu na kuzionyesha mtandaoni. Toleo la 6 liliacha kutunzwa Julai 2023. Aliyebaki nalo ana mlango usiofungwa, na kuhamia la 7 au la baadaye ni kazi ya kweli, kwa sababu sehemu ya mbele iliandikwa upya kabisa. Kabla ya hapo, tazameni anwani za tasnifu zenu. Zikiwa na 123456789 baada ya neno handle, basi aliyesimika hakubadilisha namba ya mfano inayokuja na programu. Namba hiyo si ya chuo chochote. Anwani za kudumu zilizojengwa juu yake hazina udumu, na chuo kikibadilisha jina la seva, kila rejeo lililochapishwa kwenye majarida linakufa. Sajilini namba yenu kwenye Handle, mfumo wa anwani za kudumu. Gharama yake ni ndogo. Anwani za zamani ziendelee kumwelekeza msomaji kwenye mpya.

Kuskani tasnifu za zamani kuna hesabu yake pia. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi, rangi ya kijivu, bila kubanwa, ni kama MB 8.7, kwa rangi kamili ni MB 26. Tasnifu ya kurasa 200 kwa kijivu ni GB 1.74. Tasnifu 8,000 ni karibu TB 14, na nakala tatu zinakuwa TB 42. Ubanaji usiopoteza data huipunguza namba hiyo, ila diski ziagizwe kwa hesabu, si kwa makisio. Kwa kasi, mwendeshaji mmoja wa skana ya juu, ile inayopiga picha kitabu kikiwa kimefunguliwa chali, akifanya kurasa 150 kwa saa kwa saa sita, anamaliza tasnifu nne na nusu kwa siku. Skana mbili kwa siku 220 ni karibu tasnifu 2,000 kwa mwaka. Anayeahidi kumaliza zote 8,000 kwa miezi sita hajawahi kukutana na nakala ya kaboni ya mwaka 1974, iliyofifia na yenye pini za kutu.

Nakala kuu iwe TIFF na isiguswe na wasomaji. Nakala ya kusoma iwe PDF iliyopitishwa kwenye utambuzi wa maandishi. Tesseract, programu ya bure, ina data ya Kiswahili, nayo huitwa kwa swa+eng pale tasnifu inapochanganya lugha, kama nyingi zinavyofanya. Ikiachwa kwenye Kiingereza peke yake hulazimisha maneno ya Kiswahili yafanane na ya Kiingereza, na utafutaji wa ndani ya maandishi unakuwa kichekesho. PDF yenye maandishi ya kweli ndiyo pia inayosomeka kwa sauti kwa mwanafunzi asiyeona. Iliyo picha tupu haimsaidii kitu. Ukubwa nao una maana mbili. Mwanafunzi anapakua kwa bando, na faili la MB 180 ni fedha yake ya wiki. Na Google Scholar huelekeza kila faili lisizidi MB 5. Tasnifu iliyoandikwa kwa kompyuta huingia humo bila shida ikitoka moja kwa moja kwenye faili la mwandishi. Kwa hiyo acheni kupokea tasnifu mpya zilizochapwa, zikasainiwa, kisha zikaskaniwa. Pokeeni faili asilia, na ukurasa wa saini peke yake ndio uskaniwe.

Tangu roboti za kukusanya data za akili bandia ziongezeke, hazina za vyuo duniani zimekuwa zikizidiwa na maombi hadi kuanguka. Fundi akikasirika hufunga milango yote kwenye robots.txt, faili linaloziambia roboti zisiingie wapi, na Google hufungiwa pamoja nazo. Punguzeni kasi kwa kila anwani kwenye seva ya mbele, na muwaache watafutaji mnaowahitaji.

Kwa majarida ya mtandaoni tutakuwa wafupi. Kupitia Research4Life, mpango wa kimataifa wa kufungulia nchi zinazoendelea majarida, na COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, wasomaji wetu wana haki ya kusoma maelfu ya majarida ambayo hawajui kama wanayo. Kinachowazuia mara nyingi ni mambo mawili. Chuo hubadilisha mtoa huduma wa intaneti, anwani za IP ambazo wachapishaji hututambua kwazo zinabadilika, na hakuna anayewaandikia. Kesho yake kila jarida linaomba malipo. Barua ya kubadilisha IP iwe sehemu ya mkataba wa intaneti, na mkutubi aarifiwe siku 30 kabla. La pili ni walio nje ya kampasi. Mwanafunzi anayetumia bando la simu hatambuliki kwa IP, kwa hiyo lazima pawe na proksi, yaani seva ya chuo inayomfungulia jarida kwa niaba yake, au mfumo wa kuingia kwa akaunti ya chuo. Proksi hizo hufa cheti chake cha usalama kinapoisha muda. Zamani cheti kilihuishwa mara moja kwa mwaka. Tangu Machi 2026 hakiruhusiwi kuzidi siku 200, mwaka 2027 ni siku 100, na mwaka 2029 ni siku 47. Anayehuisha kwa mkono atasahau. Fanyeni uhuishaji uwe wa kujiendesha.

Tunachoomba kwenu ni mambo matatu, kabla bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai haijafungwa.

Kila chuo kiwe na mkutubi mmoja wa mifumo mwenye cheo kinachoandikwa hivyo, mwenye ruhusa ya kuingia kwenye seva, asiyehamishiwa dirisha la kuazimisha msimu wa mitihani. Chini yake wawepo wakutubi wawili wa rekodi, na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wa chuo cha ukutubi cha Bagamoyo wakiwemo, wapewe kazi za ukaguzi wa rafu na orodha za lugha badala ya kupanga magazeti.

Zabuni yoyote ya mfumo mpya isubiri ripoti ya hali ya rekodi: ngapi hazina lugha sahihi, ngapi ni pacha, ngapi hazijaunganishwa na mada, viungo vingapi vya mtandaoni vya sehemu ya 856 vimekufa. Kuiandaa ripoti hiyo kunahitaji wiki mbili na hakuna programu ya kununua. Na zabuni ikitoka, iwe na kifungu kinachomlazimu mzabuni kurudisha rekodi zote katika MARC siku mkataba unapoisha, bila malipo ya ziada.

La tatu, rekodi za vitabu na tasnifu za Kitanzania zisafishwe kwa pamoja. Maktaba ya chuo kimoja ikishaandika rekodi ya udhibiti yenye "Ng'ombe wa maziwa" ndani yake, nyingine zinaweza kuichukua kwa Z39.50 usiku huo huo. Tumeshaandaa orodha ya mada 500 za kuanzia pamoja na Kiswahili chake, na tuko tayari kuikabidhi kwa mkurugenzi yeyote atakayeihitaji, ikiwa katika muundo wa MARC unaopakiwa moja kwa moja.

Wenu katika kazi,

Wakutubi na mafundi wa mifumo ya maktaba za vyuo,
Dar es Salaam